Jina Lililokuwa Chini ya Gari la Waya

Kama kuna mtu hapa aliyewahi kuumbuliwa na kigari cha waya mbele ya ukumbi mzima wa wazazi walioshika sahani za sambusa, anyooshe mkono tukae benchi moja, maana mpaka leo najiona niko peke yangu. Habari hii nimeificha kwa miezi. Ofisini hawaijui, kanisani hawaijui (ingawa kuna mama mmoja wa kwaya ananiangalia kwa namna fulani), na kaka yangu Kariuki aliye Nyeri ndiye hasa sitaki aijue, mkifika mbele mtaelewa kwa nini. Lakini aibu ukikaa nayo sana inahamia kwako moja kwa moja, inaanza hata kuchagua kiti cha kukalia. Kwa hiyo chekeni, ila mcheke polepole.

Mimi ni mtu wa benki. Huu ni mwaka wa tisa niko Johannesburg, kazi yangu ni kukagua mifumo ya kompyuta, na mikono yangu hii haijawahi kutengeneza kitu chochote cha maana zaidi ya chai. Mke wangu na mimi tuliachana miaka miwili iliyopita, bila vita, kila mtu akachukua sufuria zake, yeye akahamia mtaa wa Rosettenville na binti yetu Wambui, mwenye miaka tisa, mimi nikabaki kwenye fleti ya vyumba viwili ambapo kimoja kina kitanda kidogo kinachotandikwa kila baada ya wiki mbili. Wambui huja kwangu Jumamosi moja ndiyo, moja hapana. Kiswahili anakisikia vizuri sana, lakini kinachotoka kinywani mwake ni Kiingereza, na Kizulu akiwa na wenzake. Tunaongea hivi: mimi namuuliza kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, na katikati pale kuna shimo ambalo sote wawili tumezoea kulizunguka.

Jumamosi zangu nilikuwa nampeleka kwenye darasa la sanaa la watoto kule Newtown, ndani ya ghala la zamani lenye madirisha marefu. Anayefundisha anaitwa Mwalimu Lindiwe, mama wa Soweto mwenye sauti ya kuamsha waliolala, na kila muhula anawabadilishia watoto vitu vya kufanyia kazi: udongo wa kufinyanga, nta na rangi za kutia kwenye vitambaa, magazeti ya kuloweka na gundi mpaka yawe vinyago vya kuvaa usoni, vipande vya vitenge vya kubandika, makaa ya kuchorea. Sheria yake ni moja, ameiandika ukutani kwa rangi nyekundu: mzazi haruhusiwi kugusa kazi ya mtoto. Siku yangu ya kwanza nilimnyooshea Wambui shingo ya twiga wake wa udongo (ilikuwa imeinama, jamani, nilimwonea huruma yule mnyama), Mwalimu akaja, akamtazama twiga, kisha akanitazama mimi.

"Baba kaWambui," akasema, maana Wazulu humwita baba kwa jina la mtoto kama sisi tu, "shingo hii si ya mtoto. Mkono wa mtu unajulikana."

Akamwambia Wambui aivunje aanze upya. Tangu siku hiyo nikawa nakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta, mikono mapajani. Wazazi wengine walikuwa wakiwaacha watoto na kwenda kunywa kahawa, mimi nilibaki, ningeenda wapi? Watoto wanacheka, rangi zinamwagika, mmoja analia kwa sababu mwenzake amechukua brashi nzuri, na wewe huhitajiki na mtu yeyote lakini angalau uko mahali penye kelele. Wiki nzima fleti yangu haina kelele nyingine zaidi ya friji.

Sasa ukaja muhula wa waya. Mwalimu Lindiwe ana desturi, kila muhula mzazi mmoja anakuja kuonyesha watoto kitu alichokuwa akitengeneza kwao utotoni, na siku hiyo, wazazi walipokuja kuwachukua watoto, akauliza, nani kati yenu aliwahi kutengeneza vitu kwa waya? Wambui akageuka akanitazama. Hakuniomba kitu, mniamini, alinitazama tu kama mtu anavyotazama dirishani kuona kama mvua imeacha, hana matumaini makubwa. Na mimi nikanyoosha mkono.

"Magari," nikasema. "Kwetu Nyeri nilikuwa natengeneza magari ya waya. Yanakata kona, yana usukani mrefu."

Ukweli ni kwamba aliyekuwa akitengeneza ni Kariuki. Kariuki alikuwa akichukua waya wa ua na makopo ya mafuta ya kupikia, jioni lori limekamilika, mpaka watoto wa ng'ambo ya mto wanakuja kuliona. Mimi kazi yangu ilikuwa kukimbia nyuma nikiomba, "Kaka, na mimi nisukume kidogo." Kidogo! Lakini Wambui alikuwa ameshatabasamu, tabasamu lile lenye pengo la jino, na ninyi mlio baba mnajua, ukishalipata hulirudishi dukani.

Jumapili nikanunua waya na koleo, nikakaa sebuleni tangu nitoke kanisani. Nilitoboa kidole mara tatu, nikatoboa kochi mara moja, na kilichotoka kilikuwa kama kiota cha ndege aliyekata tamaa katikati ya ujenzi. Jumatatu nikajaribu tena. Jumanne nikafungasha kila kitu kwenye mfuko nikautupa. Ijumaa ya wiki ya pili, natoka kazini, kesho yake ndiyo siku ya kuleta gari darasani, nikasimama kwenye roboti ya karibu na Newtown (taa za barabarani hapa huitwa roboti, msiniulize kwa nini), na pale kati ya magari alikuwa anapita mwanamume wa makamo, mwembamba, amebeba baiskeli za waya, ndege wa waya, na gari moja. Jamani lile gari! Lilikuwa na milango inayofunguka, taa zilizokatwa kutoka kwenye makopo ya soda, na usukani mrefu uliokunja magurudumu ya mbele kama gari la kweli.

Nikashusha kioo nusu. Nikaongea naye Kiingereza, bosi hivi, bosi vile. Nilinunua bila kuomba kupunguziwa, mimi mtu wa Nyeri, jueni hali ilikuwa mbaya kiasi gani. Na wakati anatafuta chenji simu yake ikalia, akaipokea, akasema, "Ndiyo, mama, mwambie mutoto nitapiga simu Jumapili." Kiswahili. Kiswahili cha Kongo, pale dirishani kwangu. Katika mji huu naweza kumaliza wiki bila kukisikia mpaka nijisemeshe mwenyewe bafuni, na siku kilipokuja mpaka mlangoni, nilifanya nini? Nilipandisha kioo. Niliogopa asije akaniuliza unanunulia nani, unatoka wapi, nikajikuta ninamwambia. Roboti ikawa kijani nikaondoka. Mimi huwa nasema aibu yangu ilianzia ukumbini, lakini nikiwa mkweli ilianzia kwenye kile kioo.

Basi Jumamosi nikaingia darasani na gari langu, na watoto wakapiga mayowe. Mwalimu Lindiwe alilishika kama anashika yai. "Eish, Baba," akasema, "kumbe ulikuwa unajificha." Wambui alilisukuma kutoka ukuta hadi ukuta, akalikunjisha kona, wenzake nyuma wakimwomba nao wasukume (nikamkumbuka mtu fulani), halafu akaligeuza juu chini. Nikasikia ananiita. Chini ya gari, katikati, kwa waya mwembamba uliokunjwa kwa ustadi, kulikuwa na herufi ambazo mimi sikuwa nimeziona: NEEMA.

Akaniuliza kwa Kiingereza, Neema ni nani?

Hapo ndipo ningeweza kusema lolote. Ningesema ni jina la gari, ningesema ni neno la kanisani. Lakini watoto wote walikuwa wananitazama, naye zaidi, na mdomo wangu ukaenda peke yake.

"Neema ni wewe," nikasema. "Ni jina nililokuita kabla hujazaliwa."

Ninyi mnajua kwetu mambo ya majina yalivyo. Binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba, haliulizwi, halijadiliwi, lilikuwa pale likimngoja kabla baba na mama hawajaonana. Mama yangu ni Wambui, kwa hiyo na huyu ni Wambui, na sikuwahi kufikiria kuna la kuongeza. Kumbe shuleni kwao jina hilo linamsumbua, walimu wanalivunjavunja, watoto wanalichezea, na yeye hakuwahi kuniambia, pengine kwa sababu ya lile shimo. Kwa hiyo nilipomwambia ana jina jingine, la siri, ambalo baba yake alimchagulia mwenyewe na hakuna mtu mwingine analijua, uso wake ulibadilika. Alinishika mkono kutoka pale mpaka kwenye gari. Mtoto wa miaka tisa anayetembea hatua tatu mbele yangu kila mahali, siku hiyo alinishika mkono, na mimi nikajiambia, uongo gani huu, huu si uongo, ni zawadi.

Sasa mambo yakaanza kukimbia. Mwalimu Lindiwe alitaka nionyeshe watoto jinsi ya kukunja magurudumu. Jumamosi yangu iliyofuata nikafika na bendeji kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nilisema niliteleza ngazi za ofisini. (Mnacheka. Subirini.) Watoto walinizunguka, wakauliza kama inauma, mmoja akasema apulize ipone, na kabla sijakataa walikuwa wameleta rangi, wakaanza kunichorea maua na mpira na mbwa kwenye ile bendeji, Wambui akiwasimamia kama daktari mkuu. Niwaambie kitu ambacho hakichekeshi: ilikuwa imepita miezi tangu mtu aniulize kama naumwa. Nilikaa pale na mkono wangu mzima nikiwa karibu kulia, na niliporudi nyumbani niliivua ile bendeji taratibu isiharibike, nikaitundika kwenye kiti.

Katikati ya wiki mama yake akanipigia.

"Baba Wambui, Neema ni nani?"

"Ni jina tu."

"Una mtoto mwingine?"

"Mimi? Nimtoe wapi?"

"Mtoto ameandika Neema kwenye madaftari yote. Anasema ndiyo jina ulilokuwa unamwita akiwa tumboni. Tumbo lilikuwa langu, nilikuwa nalo saa zote, na mimi sikuwahi kulisikia hilo jina."

Nikamwambia nilikuwa nikiliita kimoyomoyo. Akasema, "Wewe mtoto atakuamini siku zote. Uangalie unamwaminisha nini." Akakata simu. Hakuwa amekasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

Yakafika maonyesho ya mwisho wa muhula. Ghala limefagiliwa, kuta zimepakwa chokaa, kazi za watoto zimepangwa kila moja na kikadi chake, na kwenye kazi zote za binti yangu, twiga, kinyago, kitambaa cha nta, zote, jina lilikuwa Neema. Gari lilikuwa katikati juu ya sanduku jeupe, na kadi yake aliiandika mwenyewe kwa Kiingereza, kwamba gari hili limetengenezwa na baba yangu kwa mikono yake na amelipa jina langu la siri. Wazazi wengi, sambusa, juisi, mama yake amesimama karibu na mlango kwa gauni lake la kitenge. Mimi nina bendeji yangu ya maua. Mwalimu Lindiwe akapiga makofi kunyamazisha watu.

Akasema kwa kuwa Baba kaWambui bado ana maumivu, amemtafutia mikono ya kumsaidia. Amempata fundi pale pale barabarani, anaitwa Bwana Amisi, atakunja waya mbele yetu na Baba kaWambui atamwelekeza. Na mlango ukafunguka akaingia yule mtu wa roboti, shati jeupe limepigwa pasi, roli ya waya begani.

Nilitafuta pa kutokea. Mlango ulikuwa mmoja na yeye alikuwa ndani yake.

"Bosi!" akanisalimia kwa furaha ya kweli, kwa kile Kiingereza chetu cha dirishani, akaniuliza gari linaendeleaje. Kabla sijafungua mdomo macho yake yakalifikia pale juu ya sanduku. Akalisogelea, akaweka waya chini, akalichukua na kuligeuza juu chini, akapitisha kidole gumba kwenye zile herufi.

"Neema wangu," akasema polepole, si kwa mtu yeyote.

Na Wambui, aliyekuwa amesimama pembeni ya sanduku na nywele zake zimesukwa upya kwa ajili ya siku hiyo, alimsikia mtu anaongea Kiswahili, akamjibu kwa Kiswahili: "Hapana. Neema ni mimi. Baba ndiye aliniita."

Sentensi nzima, tena mbili. Mwaka mzima nilikuwa nangoja kusikia Kiswahili kwenye kinywa cha mwanangu, na nilipokisikia kilikuwa kimebeba uongo wangu.

Bwana Amisi alicheka kwa upole. "Hapana, mama," akamwambia, maana Wakongo hata mtoto wa kike humwita mama, "Neema ni mutoto wangu mimi. Iko Uvira, kwetu Kongo, kwa bibi yake. Kila motokari natengeneza, naandika jina yake pale chini."

Mwalimu Lindiwe, ambaye Kiswahili hajui hata salamu, akauliza anasema nini? Watu wakasogea. Wakenya waliokuwepo walikuwa wameshaelewa, kila mmoja akaitazama sambusa yake. Na aliyetafsiri, kwa sababu amezoea kutafsiri, kwa sababu ndivyo tunavyowatumia watoto wetu hospitalini na madukani na kwenye ofisi za karatasi za ukaazi, alikuwa Wambui. Alisimama wima akatafsiri kwa Kiingereza safi, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma: anasema Neema ni mtoto wake. Anasema ndiye hutengeneza magari haya. Halafu nadhani ndipo alipojisikia mwenyewe.

Yule bwana alinitazama. Alimtazama mtoto, akatazama kadi, akatazama bendeji, na nikaona ameelewa yote kwa mpigo mmoja. Na akafanya kitu ambacho sikukistahili. Akasema, "Bon, haya, na papa yako alisaidia. Tulitengeneza wote wawili."

Mlango ulikuwa umefunguliwa tena, jamani. Ningepita. Wambui aliinua uso akaniuliza kwa Kiingereza kama ni kweli, na nilimwona anataka iwe kweli, anataka sana, angeridhika hata na nusu.

"Si kweli," nikasema. "Alitengeneza yeye. Mimi nililinunua kwenye roboti."

"Na jina?"

"Jina nililikuta chini."

"Na mkono?"

Nikaanza kuifungua ile bendeji. Hivi mnajua bendeji ni ndefu kiasi gani ukiifungua mbele ya watu? Maua yakapita, mpira ukapita, mbwa akapita, bendeji haiishi. Baba mmoja akapaliwa na sambusa, wengine wakacheka, na siwalaumu, hata mimi ningecheka. Mkono ukatokea, mzima, hauna hata mkwaruzo. Kijana mmoja aliyenichorea yule mbwa aliniuliza kwa nini.

Wambui hakulia. Alichukua penseli mezani, akaenda kwenye twiga wake, yule aliyeanzwa upya, shingo bado imeinama, akakata Neema kwenye kadi akaandika Wambui. Akaenda kwenye kinyago, akakata, akaandika. Akaenda kwenye kitambaa. Ukumbi wote unasikiliza penseli. Kadi saba. Alipomaliza alirudi kwenye lile gari, akalichukua kwa mikono miwili, akampa Bwana Amisi, akamwambia kwa Kiingereza alipeleke kwa mwenyewe. Kisha akamfuata mama yake mlangoni, hatua tatu mbele ya kila mtu.

Jumamosi yangu iliyofuata hakuja. Mama yake alisema ana mafua. Ile nyingine alikuwa na sherehe ya rafiki yake. Kitanda kidogo kilikaa kimetandikwa tu, nikawa napita pale mlangoni nikizima taa ambayo haikuwa imewashwa.

Jumapili moja baada ya ibada nikaenda kwa miguu mpaka kwenye ile roboti. Bwana Amisi alikuwepo, amekaa juu ya kreti, anakunja ndege.

"Habari za leo, ndugu yangu," nikamwambia.

Akanitazama sana. "Kumbe unaijua Kiswahili tangu siku ile."

"Nakijua."

"Na ulipandisha kioo."

"Nilipandisha."

Akasogea kwenye kreti akaniachia nusu. Hakuniuliza zaidi. Nikamwomba anifundishe, akasema atanifundisha lakini hatashika waya wangu hata kidogo, nikamkumbuka Mwalimu Lindiwe. Jumapili tatu nilikaa naye. Aliniambia yeye anakaa Bellevue, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na Neema alimwacha na miaka minne, sasa ana kumi na nne, hataki tena gari, anataka simu. Nikamuuliza kwa nini basi bado anaandika jina chini ya magari ya watu.

"Ili mukono isisahau," akasema, akaendelea na ndege wake.

Gari langu lilikamilika kwa namna yake. Limeegemea upande mmoja kama mtu mwenye kigimbi kinachouma, milango haifunguki, na magurudumu mawili ni makubwa kuliko mengine. Vidole vyangu safari hii vilikuwa na plasta za kweli, sita, na hakuna aliyezichorea kitu. Chini sikuandika jina lolote. Nililipeleka Rosettenville Jumamosi ambayo haikuwa hata yangu, nikasimama getini, Wambui akatoka. Tulisalimiana kama watu waliokutana benki. Nikampa.

Alilitazama. Akaliweka chini kwenye saruji, akalisukuma, likaenda hatua moja likaanguka ubavu. Akaligeuza juu chini akatafuta, akaona hakuna kitu. Akanitazama vidole.

"Mbaya sana, Baba," akasema. Kwa Kiswahili.

"Najua."

"Hili umetengeneza wewe."

Nikaitikia kwa kichwa. Mama yake akamwita ndani, chakula kinapoa, naye akalibeba kifuani kwa mikono miwili lisisambaratike, akaingia, mlango ukafungwa. Mimi nikabaki getini.

Basi funzo langu ni hilo, na Kariuki ukija kusikia, haya, cheka, ulikuwa fundi na mimi nilikuwa wa kusukuma. Sitakaa tena niweke mkono wangu kwenye kitu ambacho haukukifanya, wala sitampandishia mtu kioo anayeongea lugha yangu, hata kama nimebeba aibu ya kilo ngapi. Wakati naondoka niliona kitu kinang'aa kwenye saruji. Gurudumu moja, kati ya yale mawili makubwa, lilikuwa limedondoka. Ninalo hapa mfukoni, mtaliona likinichoma nikikaa. Nitamrudishia nikimwona. Jumamosi hii si yangu, ni ile inayofuata.